Baba aliacha kanisa akafa hajarudi, sasa tunagombania msalaba wa kaburi lake

Shangazi shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeamua maana usingizi umekata kabisa. Naomba kijiji usitaje, sema tu ni huku Njombe upande wa Makambako, na jina langu liache.

Nyumbani tulizaliwa wanne tumebaki watatu, mimi wa kwanza nina miaka 41. Baba aliokoka mwaka 1988 kwenye mkutano wa injili, nilikuwa na miaka minne, kwahiyo simjui baba mwingine zaidi ya yule aliyeokoka. Alikuwa mzee wa kanisa, kwaya anaimba besi, saa kumi na moja asubuhi unamsikia anaomba chumbani na sisi tukiwa bado kwenye blanketi na ile baridi yetu unayoijua. Hatukuwahi kulala bila kusoma neno.

Mwaka 2011 mdogo wangu wa tatu alipata ajali ya bodaboda kwenye lami hii ya kwenda Mbeya, alikuwa na miaka 19. Baba alifunga siku tatu pale hospitali, hakula hakunywa, akawa anatuambia mtoto atapona Mungu ameshasema. Siku ya nne akafa. Tukazika, matanga yakaisha, jioni baba akamwambia mama mi nimemaliza. Sisi tukajua ni uchungu tu utapita. Haukupita, baba hakukanyaga kanisani miaka kumi na mbili. Akaanza kukaa kilabuni, msimu wa ulanzi ndio humpati nyumbani kabisa, ukiisha ulanzi anahamia pombe zingine. Wazee wenzie walikuja kumwona mara ya kwanza, ya pili, alafu wakachoka, akatolewa kwenye uzee, baadae akatengwa.

Ila Shangazi kuna vitu vinanichanganya. Baba hakuwahi kumtukana Mungu wala kumzuia mama kwenda ibadani. Kalenda ya kanisa ilikuwa ukutani kila mwaka na mwenye kuinunua ni yeye. Na akiwa peke yake shambani kwenye viazi alikuwa anaimba, ile besi yake ile ile, ukitokea ananyamaza.

Januari 2023 akaanguka, ini lilikuwa limeshaharibika. Mchungaji alikuja mara mbili. Ya kwanza baba aligeukia ukutani. Ya pili alimshika mkono mchungaji kama dakika kumi nzima hajasema neno, machozi tu. Jumapili yake ya mwisho redio ilikuwa inarusha ibada akamwambia mama ongeza sauti. Jumatano akafariki.

Kanisa halikumzika. Tuliambiwa alikuwa ametengwa na hakutubu mbele ya mashahidi. Alikuja mzee mmoja tu kwa mapenzi yake, waliimba besi pamoja zamani, akasoma zaburi akaomba tukafukia.

Sasa shida yenyewe. Mama anataka mwezi wa nane tukishavuna tujengee kaburi, tuweke marumaru na msalaba wenye jina. Fundi kashasema laki nane na nusu. Mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 28, ni mwinjilisti kwenye kanisa moja la kilokole, amekataa. Anasema msalaba ni wa waliovumilia mpaka mwisho, baba alirudi nyuma akafa bila toba, tukiweka msalaba tunadanganya kijiji. Akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp Waebrania 6 yote kuanzia mstari wa nne. Alafu anasema akija lazima apewe nafasi ahubiri pale kaburini watu wajifunze kwa baba. Dada yetu yuko Mbeya, alibatizwa kwa Wabaptisti, yeye anasema aliyeokoka ameokoka, baba yuko mbinguni tangu 1988 na mjadala umefungwa, na mdogo wetu akishika spika siku hiyo yeye anapanda gari anarudi Mbeya. Mama hasemi kitu, analia tu na kuuliza fundi anakuja lini.

Wote wananiangalia mimi kaka mkubwa niamue. Shangazi nataka kujua kitu kimoja, hivi mtu aliyeokoka kweli anaweza kuupoteza wokovu? Maana nikijua jibu la hilo najua la kufanya kuhusu msalaba. Na mimi tangu tumzike baba naenda ibadani vizuri tu ila Meza ya Bwana sisogei.

Kaka Mkubwa, Njombe

*

Marahaba mwanangu, kamwene. Poleni na msiba, najua ni wa tangu 2023 ila kwa ulivyoandika naona kama jana, alafu mna misiba miwili hapo, sio mmoja.

Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi. Ngoja nikurudishie nilivyoielewa, nikikosea utanirekebisha. Mnagombania msalaba lakini kila mtu ana lake. Mama anataka mumewe awe na jina juu ya ardhi. Mdogo wako anaogopa uongo. Dada anaogopa baba kudhalilishwa mara ya pili baada ya yale ya mazishi. Na we umebeba swali la wokovu ukitegemea ukilijibu hilo mengine yote yatajipanga. Hapo ndio nataka tukae kidogo, maana mi sina hakika kama yatajipanga.

Tuanze na swali lenyewe. Mdogo wako hajatunga. Waebrania 6 ipo, inasema waliokwisha kupewa nuru wakaanguka baada ya hayo haiwezekani kuwafanya upya tena hata wakatubu, na sura ya 10 nayo ina maneno makali, na Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 24 anasema mwenye kuvumilia hata mwisho ndiye atakayeokoka. Wapentekoste wengi wanafundisha hivyo, kwamba mtu anaweza kuanguka kabisa. Dada yako nae hajatunga, Yohana 10 inasema "wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu", na Warumi 8 inataja kila kitu mbinguni na duniani kwamba hakiwezi kututenga na upendo wa Mungu. Watu walishakaa vikao vikubwa juu ya hili. Kule Uholanzi wafuasi wa Arminius, mwalimu wa teolojia wa huko, waliandika hoja zao mwaka 1610, na unajua kwenye hili la kuanguka walisemaje? Walisema linahitaji kuchunguzwa zaidi kwenye Maandiko. Wasomi wale! Baadae ndio wakaegemea kwamba inawezekana, na wenzao wakakaa sinodi ya Dort, yaani kikao kikuu cha kanisa, 1618 mpaka 1619 wakasema hapana, aliye wa Mungu kweli Mungu atamshikilia mpaka mwisho. Miaka mia nne imepita na ninyi mnataka muimalize kwenye grupu la familia kabla ya mwezi wa nane.

Ila kuna kitu dada yako pengine hajakiona, na nakisema kwa upole. Hao wanaosema mwamini hapotei wako wa aina mbili. Wapo wanaosema kama yeye, ukishaamini umeamini, hata ukienda mbali vipi. Lakini wapo wengi, na hao wa Dort ni humo humo, wanaosema aliye wa kweli lazima adumu, kwahiyo aliyeondoka asirudi inaonyesha hakuwahi kuwa wa kwetu, na wanakupa 1 Yohana 2:19. Kwa hao baba yenu hakuupoteza wokovu, ila hakuwahi kuwa nao, hata 1988, hata ile besi, hata yale maombi ya saa kumi na moja asubuhi. Je hiyo inakufariji? Mi haingenifariji. Na upande wa pili nao sio mkali kama mdogo wako anavyouhubiri. Walutheri kwenye Ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 12, wanawakataa wanaosema aliyehesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Hapo mdogo wako atapiga makofi. Lakini kifungu hicho hicho kinasema walioanguka baada ya ubatizo wanasamehewa wakati wowote wanapogeuka, na kinawakataa kwa jina wafuasi wa Novatian waliokuwa hawataki kuwafungulia, yaani kuwapokea tena kanisani. Kwahiyo unaweza kuamini kabisa kwamba mtu anaanguka, na bado ukaamini mlango uko wazi mpaka pumzi ya mwisho. Mlango wa Jumapili ile ya redio, kwa mfano.

Huyo Novatian nimeshindwa kumpita, maana kisa chake kinafanana na chenu na sehemu yake ni ya Afrika hii hii. Mwaka 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya dola wapewe na cheti. Wakristo wa Karthago, leo ni Tunisia, walipukutika, wengine walikimbilia kutoa sadaka, wengine walinunua cheti tu kama sisi tunavyojua kununua vyeti. Mateso yalipopoa wakarudi wanalia. Askofu wao Cyprian hakuwafungulia kirahisi, walikaa kwenye toba muda mrefu, lakini aliyekuwa mahututi alipewa amani, yaani alipokelewa tena, asife akiwa nje. Kule Roma Novatian akasema hapana, kanisa halina ruhusa ya kumsamehe aliyekana, akajitenga na watu wake. Kanisa kubwa halikumfuata. Simsemi mdogo wako kuwa ni Novatian. Namaanisha kanisa lilishawahi kukutana na mtu anayekufa ambaye hajamaliza toba yake vizuri, na halikukosa la kumfanyia.

Kuhusu Waebrania 6 nakuomba usome mpaka mstari wa 9, mdogo wako aliituma yote ila sijui kama alitulia hapo. Baada ya maneno yote yale mwandishi anasema "Lakini, wapenzi, ijapokuwa twanena hayo, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, na yaliyo na wokovu." Anawaonya na anawaita wapenzi kwa pumzi moja. Na anaongea na watu walio hai, wamesimama mlangoni wanafikiria kuondoka, anapiga kelele ili wasitoke. Ile kelele ni ya kumrudisha mtu. Sasa ukiichukua ukaenda kuipiga juu ya kaburi inamrudisha nani? Hilo swali mpelekee mdogo wako kama swali, usimpelekee kama kombora.

Na huyo mdogo wako ngoja nimtetee kidogo, maana naona mmeshamfanya mbaya wa familia. Piga hesabu. Kaka yake alipokufa alikuwa na miaka 14. Baba aliyesema mi nimemaliza alimwacha yeye ndani ya nyumba, we ulikuwa na miaka 27, sijui hata kama ulikuwa unaishi pale. Aliyekuwa anatumwa kumfuata baba kilabuni usiku ni nani? Hukuandika, ila mi nahisi. Mtoto kama yule akija kuwa mwinjilisti akasema msalaba ni wa waliovumilia, huenda anasema mbona mi nimevumilia na yeye hakuvumilia. Huenda nakosea. Lakini kabla hujamnyima spika, mkae wawili, sio kwenye simu, muulize ile miaka ilikuwaje kwake.

Alafu mdogo wako anasema baba "alirudi nyuma". Hilo neno nalielewa, nimezaliwa Rungwe kwa Wamoravian, tumekua nalo. Ila najiuliza kama linamtosha mtu wenu. Demas, yule mwenzake Paulo wa kwenye 2 Timotheo, aliondoka kwa kuupenda ulimwengu huu. Baba yako aliondoka kwa sababu alifunga siku tatu na mtoto akafa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani, haina mstari wa mwisho wa kushukuru kama zile zingine, na bado ni zaburi. Mtu anayenunua kalenda ya kanisa kila mwaka na kunyamaza ukimkuta anaimba, mi sijui nimwite nani. Kumkasirikia mtu miaka kumi na mbili bila kumtoa ukutani, hata kwenye ndoa tunaliona hilo. Ila nisikudanganye mwanangu, ulanzi na pombe zilimuua na kumtesa mama yako, na ule mkono alioushika dakika kumi hakuna anayejua ulikuwa unasema nini. Mi nikisema ilikuwa toba najipa kazi isiyo yangu, na anayesema haikuwa toba na yeye kajipa kazi hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye marumaru. We unasema ukijua kama baba aliokoka utajua kama uweke msalaba. Hivi huko kwenu kila kaburi lenye msalaba lilifanyiwa mtihani kwanza? Nenda siku moja usome majina, unawajua wale watu. Kwa mdogo wako msalaba ni cheti cha waliofaulu. Wapo wanaouweka kwa sababu nyingine, kwamba huyu tunamkabidhi kwa aliyesulubiwa, yeye ndiye anayejua. Ule wa kwanza pembeni yake alining'inia jambazi ambaye hakuwa na siku hata moja ya kuvumilia. Kama mnaongelea vitu viwili tofauti mkiviita msalaba mtagombana mpaka mwaka kesho.

Naona njia kadhaa na hakuna isiyo na mwiba. Ya kwanza, weka msalaba kama mama anavyotaka, mdogo wako asije. Mama atapata kaburi, na siku hiyo hiyo atapoteza mtoto wa pili kwa namna fulani, na wewe utakuwa umewapa majirani habari. Ya pili, muahirishe mpaka mkubaliane. Inaonekana ya busara ila mama yenu ana umri gani? Hukusema. Kuahirisha kwa mjane mzee sio kitu kidogo. Ya tatu ni kujenga bila msalaba, jina na miaka tu na labda mstari. Kuna familia imewasaidia, ila hapo ujue mama ndiye atakayemeza, na amemeza mengi tangu 2011. Ya nne, msalaba uwepo na mdogo wako awepo lakini mahubiri yasiwepo, yule mzee wa besi aombwe asome tena zaburi ile ile, na mdogo wako apewe kuomba badala ya kuhubiri. Kumwombea mama yake hadharani sidhani kama dhamiri yake itamkataza. Hatari yake ni kwamba akishasimama anaweza kuhubiri ndani ya maombi, tunawajua wainjilisti wetu. Na yule mzee muulizeni kwanza kwa siri, asije akapata matatizo kanisani kwa ajili yenu.

Hilo la kuhubiri baba kama mfano, hapo kidogo nitakuwa mkali kuliko kwingine. Mama atakuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Chochote atakachosema mdogo wako kuhusu mume wa huyu mama, huyu mama atalala nacho usiku ule peke yake. Mwambie hivyo tu, bila mstari wa Biblia.

Na kanisa lenu nalo, sijui ni lipi, umelificha na umefanya vizuri. Kutenga watu ni utaratibu wa zamani kwenye makanisa yetu ya nyanda za juu, tangu wamisionari wa Berlin na Wamoravian walipoingia 1891, na nia yake siku zote inasemwa ni mtu arudi. Kama una moyo, nenda kwa yule mchungaji aliyeshikwa mkono. Usiende kudai. Muulize yeye alihisi nini dakika zile kumi. Inawezekana na yeye halali.

Nimebakiza ile sentensi yako ya mwisho. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu baba, wewe umejipa mstari mmoja, pale chini kabisa, kama mtu anayeaga huku ameshashika kitasa cha mlango. Kwanini husogei mezani? Ni hasira kwa kanisa lililokataa kumzika baba? Ni kwamba ukila utakuwa umekaa upande wao? Au unaogopa kwamba kama mtu mwenye besi ile alianguka basi na we ni suala la muda tu? Hivyo ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina dawa yake, na hata anayeamini wokovu unapotea na anayeamini haupotei wote watakusomea Yohana 6:37, "yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe". Ningependa uongee na mtu mzima wa imani unayemwamini, awe mchungaji au asiwe, kabla ya mwezi wa nane. Kama kaka mkubwa una haki ya kuamua juu ya fundi na laki nane na nusu, ila hili la meza halisubiri kikao cha familia.

Alafu kitu kidogo. Hukuandika ni wimbo gani baba alikuwa anaimba kwenye viazi. Muulize mama, yeye atakuwa anaujua. Ukishajua niandikie tena, na uniambie mdogo wako alisemaje mlipokaa wawili.

Shangazi